Eurostat Data Browser kwa kupima tija ya viwanda mkoa kwa mkoa: Poland na iliyokuwa Ujerumani Mashariki

Huduma hii ya ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya ni ya bure, haidai kujisajili, na imeweka mikoa ya Poland, Ucheki, Hungaria, Romania na majimbo ya mashariki ya Ujerumani kwenye majedwali yaleyale, kwa kanuni zilezile za hesabu. Kwa anayechunguza tofauti za tija ya viwanda ndani ya nchi ambazo uchumi wake uliwahi kuendeshwa kwa mipango ya serikali, inastahili nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano inapotea kwa sababu ramani inayochorwa moja kwa moja kutoka kwenye majedwali haya hupotosha, tena kwa namna ileile kila mara: huonyesha mahali mipango ya zamani ilipojenga migodi na mitambo ya umeme, na mtazamaji hudhani anaona mahali watu wanapofanya kazi kwa ufanisi zaidi. Kasoro hiyo inarekebishika, ila tovuti yenyewe haimwonyi mtumiaji.

Majedwali ya kuanzia

Tija ya kazi ni thamani iliyoongezwa (pato baada ya kutoa gharama za vitu na huduma zilizonunuliwa) ikigawanywa kwa idadi ya wafanyakazi au kwa saa walizofanya kazi. Eurostat haitoi uwiano huo ukiwa tayari kwa viwanda katika ngazi ya NUTS 3 ya mgawanyo wa maeneo ya takwimu wa Umoja wa Ulaya, ambayo kwa Ujerumani ni wilaya na kwa Poland ni kundi la wilaya kadhaa. Unaujenga mwenyewe. Andika msimbo nama_10r_3gva kwenye kisanduku cha kutafutia upate thamani iliyoongezwa, kisha nama_10r_3empers upate ajira. Yote mawili yana mgawanyo wa sekta: A kwa kilimo, B-E kwa viwanda vyote pamoja na migodi, umeme na maji, na C kwa viwanda vya kuzalisha bidhaa peke yake.

Jedwali la kwanza liko kwa mamilioni, la pili kwa maelfu ya watu. Ukigawanya, jibu linatoka kwa maelfu. Tuseme eneo lina thamani ya euro milioni 1,200 na wafanyakazi elfu 30: jibu ni 40, yaani euro 40,000 kwa kila mfanyakazi. Ukitumia saa badala ya watu, jedwali ni nama_10r_2emhrw, nalo liko kwa maelfu ya saa. Watu haohao elfu 30 wakifanya saa 1,600 kila mmoja kwa mwaka, jedwali litaonyesha 48,000, na mgawanyo utatoa 0.025, ambayo ni euro 25 kwa saa. Mtu asiyeangalia vipimo hufika hapa akadhani faili imeharibika. Kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba saa zinapatikana hadi NUTS 2 tu, yaani ngazi ya juu yake yenye mikoa mikubwa zaidi, kwa hiyo kwa wilaya moja moja hakuna budi kutumia vichwa vya watu.

Kwenye safu ya hali ya ajira chagua EMP, wala usichague SAL. SAL ni waajiriwa tu, ilhali thamani iliyoongezwa unayoigawanya inajumuisha na ile ya wanaojiajiri. Ukichanganya hivyo, eneo lenye karakana nyingi ndogo za familia litaonekana na tija ambayo halina.

Usiichukue ajira kutoka kwenye utafiti wa nguvu kazi, yaani jedwali la lfst_r_lfe2en2, ingawa lina mwonekano uleule na hupatikana kwa urahisi. Utafiti ule humhesabu mtu anakolala, wakati thamani iliyoongezwa huhesabiwa anakofanya kazi. Brandenburg ina watu wengi wanaoamka na kwenda kufanya kazi Berlin kila siku; ukitumia jedwali lisilo sahihi, Brandenburg hubebeshwa wafanyakazi ambao kazi yao haionekani kwenye pato lake. Kosa hilo hutokea pia Bratislava na Praha, na linakuwa kubwa zaidi kadiri mji mkuu unavyovuta watu kutoka mikoa jirani.

B-E au C

Uamuzi huu ndio unaobadilisha matokeo kuliko mwingine wowote. Chukua mkoa wa Łódź nchini Poland. Mji wenyewe, msimbo PL711, ulikuwa wa nguo, na viwanda vyake vya pamba vilianguka baada ya 1989 soko la Kisovieti lilipokatika na bidhaa za nje kuingia. Kusini yake kuna eneo la Piotrków, PL713, ambako mipango ya miaka ya 1970 iliweka mgodi wa ligniti (makaa ya kahawia) wa Bełchatów na mtambo wa umeme ambao ndio mkubwa kuliko yote ya ligniti barani Ulaya. Ukichora ramani kwa B-E, Piotrków inang'aa na Łódź inafifia. Mtambo wa umeme una mabilioni ya mtaji na watu wachache, na fidia ya mtaji huo yote imo ndani ya thamani iliyoongezwa. Ukigawanya kwa vichwa, kila mfanyakazi anaonekana kuzalisha kupindukia. Hiyo haisemi lolote kuhusu fundi wa kiwanda cha vigae au samani aliye kilomita ishirini kutoka hapo.

Hali ni hiyohiyo katika wilaya ya Spree-Neiße, DE40G, iliyo na mitambo ya Jänschwalde na Schwarze Pumpe. Kwa B-E ni wilaya ya juu. Kwa C hadithi inabadilika kabisa.

Hivyo kabla ya kuchora chochote, gawanya C kwa B-E kwa kila eneo. Kunakobaki pengo kubwa kuna mgodi, mtambo wa umeme, au vyote viwili. Maeneo hayo yatenge, yaeleze kwa maneno, na yalinganishe kwa C tu. Ni hesabu ya dakika tano inayookoa ripoti nzima.

Hata C haimalizi tatizo. Viwanda vya kusafisha mafuta vimo ndani ya C, na mipango iliviweka kwenye njia ya bomba la Druzhba lililotoka Urusi: Płock, eneo la PL923, na Schwedt katika wilaya ya Uckermark, DE40I. Leuna, katika Saalekreis, DEE0B, ina kiwanda kipya cha miaka ya 1990 kilichojengwa ndani ya mji wa kemia wa zamani. Kila mojawapo kinainua wastani wa wilaya yake peke yake, na kwa kuwa faida ya kusafisha mafuta hupanda na kushuka kwa bei za dunia, tija ya wilaya hizo hurukaruka mwaka hadi mwaka bila mfanyakazi yeyote kubadilisha anachofanya. Legnica na Głogów, PL516, nako kuna ugumu wake: uchimbaji wa shaba ni B, uyeyushaji ni C, na kampuni ni moja. Bei ya ndani ambayo mgodi unauzia mtambo wa kuyeyusha ndiyo inayoamua thamani ikae upande gani.

Mfano unaofundisha zaidi ni Oder-Spree, DE40C. Ndani ya wilaya hiyo moja kuna Eisenhüttenstadt, mji wa chuma uliojengwa na mpango wa miaka mitano kuanzia miaka ya 1950, na kuna Grünheide, ambako kiwanda cha Tesla kilifunguliwa Machi 2022. Namba moja ya tija inabeba tanuri la enzi ya mipango na mstari wa kuunganisha magari ya umeme. Ukiona mfululizo wa wilaya hiyo umepinda baada ya 2022, jua kiwanda kimoja kimeingia. Usiandike kwamba viwanda vya Brandenburg vimeamka.

Thamani inavyogawiwa mikoa

Wengi wanadhani takwimu za mkoa hukusanywa kiwandani na kujumlishwa kwenda juu. Kwa kampuni yenye matawi mengi mara nyingi haiwi hivyo. Idara ya takwimu ya nchi ina thamani iliyoongezwa ya kampuni nzima, kisha inaigawa kwa matawi kwa kutumia kigezo, na kigezo cha kawaida ni mishahara inayolipwa kila tawi. Maana yake ni kwamba matawi ya kampuni moja yanapewa uwiano uleule wa thamani kwa mshahara. Tawi la Sachsen, upande wa mashariki, linalolipa pungufu ya makao makuu yaliyo Bayern, upande wa magharibi, litaonekana na tija pungufu kwa kiasi kilekile cha mshahara, hata kama mashine zake ni mpya zaidi.

Jambo hili ni zito mno kwa Ujerumani Mashariki. Tarehe 1 Julai 1990 mishahara ya huko ilihamishiwa kwenye marka ya Magharibi kwa kiwango cha moja kwa moja, na mashirika mengi yakawa na gharama zisizolingana na walichozalisha. Treuhandanstalt, chombo kilichokabidhiwa mali za serikali, kiliuza au kufunga sehemu kubwa mno ya mashirika hayo kabla ya kufungwa chenyewe mwisho wa 1994. Wanunuzi wengi walitoka Magharibi, na utafiti, masoko na hesabu kuu zilibaki kwao. Mashariki ikabakiwa na sakafu ya uzalishaji. Kazi zenye thamani kubwa kwa kichwa zimeandikwa kwingine, na sehemu ya pengo la tija kati ya pande mbili inaeleza makao makuu yako wapi.

Kuna na wafanyakazi wa wakala. Anayeletwa kiwandani na kampuni ya kukodisha watu huhesabiwa kwenye sekta N (huduma kwa biashara), hata kama anasimama kwenye mstari uleule wa kuunganisha. Kiwanda kinamlipia kama huduma iliyonunuliwa, na faida inayobaki inagawanywa kwa wafanyakazi wake wa kudumu tu. Eneo lenye viwanda vya magari na watu wengi wa wakala litaonekana juu kuliko lilivyo.

Dawa ya matatizo haya haimo ndani ya Data Browser. Unachoweza kufanya ni kuacha kuandika tofauti ndogo kama matokeo. Pengo la asilimia chache kati ya mikoa miwili lisipewe sentensi yake.

Misimbo inayobadilika

Hapa ndipo faili nyingi huvunjika. Mipaka ya NUTS hubadilishwa kila miaka michache, na misimbo nayo. Poland ilipangwa upya katika toleo la NUTS 2016: mkoa wa Mazowieckie, uliokuwa PL12, uligawanywa kuwa PL91 kwa Warszawa na viunga vyake na PL92 kwa sehemu iliyobaki. Mgawanyo huo ulikuwa wa haki, maana mji mkuu ulikuwa unaficha hali ya Radom na Ostrołęka. Lakini papo hapo mikoa mingine ilipewa misimbo mipya bila mipaka kubadilika: Łódzkie kutoka PL11 kwenda PL71, Lubelskie kutoka PL31 kwenda PL81, Podkarpackie kutoka PL32 kwenda PL82, Świętokrzyskie kutoka PL33 kwenda PL72, Podlaskie kutoka PL34 kwenda PL84. Ukiunganisha faili ya zamani na mpya kwa msimbo, mikoa hiyo hutoweka kimyakimya, nayo karibu yote ni ya mashariki, yaani ileile ambayo utafiti kama huu unaitafuta. Hesabu mistari kabla na baada ya kuunganisha. Kwa toleo lolote kuanzia la 2016, Poland lazima ikupe mikoa 17 ya NUTS 2.

Ujerumani Mashariki nayo ilichora upya wilaya zake: Sachsen-Anhalt mwaka 2007, Sachsen 2008, Mecklenburg-Vorpommern 2011. Jedwali la sasa limerudishwa nyuma kwa mipaka mipya, kwa hiyo usichanganye na faili uliyoikuta kwenye kumbukumbu za zamani.

Hakuna msimbo wa "Ujerumani Mashariki" kwenye majedwali haya. Unajumlisha DE4, DE8, DED, DEE na DEG, yaani Brandenburg, Mecklenburg-Vorpommern, Sachsen, Sachsen-Anhalt na Thüringen. Jumlisha thamani kwanza, jumlisha ajira, halafu ndipo ugawanye. Wastani wa tija tano hautoi tija ya eneo zima, kwa sababu Sachsen ina wafanyakazi wengi wa viwandani kuliko Mecklenburg-Vorpommern. Berlin, DE3, ni uamuzi wako, kwa kuwa mji ule ni nusu wa upande mmoja na nusu wa mwingine na takwimu haziutenganishi. Andika wazi kama umeuingiza au umeuacha.

Bei

Thamani iliyoongezwa ya NUTS 3 iko kwa bei za sasa tu. Mabadiliko halisi yapo kwenye nama_10r_2gvagr, lakini ni ya uchumi wote wa mkoa na ngazi ya NUTS 2, hayatenganishi viwanda. Wengi huchukua fahirisi ya bei za viwanda ya nchi nzima na kuondoa mfumuko kwa mikoa yote sawasawa. Kwa mkoa wa samani na mashine hilo linavumilika. Kwa mkoa wa umeme na mafuta halifai, hasa miaka ya 2021 hadi 2023 ambapo bei za nishati zilipanda mbio kuliko bidhaa nyingine: fahirisi ya taifa itaacha sehemu kubwa ya mfumuko ndani ya Piotrków na kuiondoa kupita kiasi kwenye eneo la samani.

Njia salama ni kuonyesha kila eneo kama asilimia ya wastani wa nchi kwa mwaka uleule. Kwa uwiano huo sarafu haina athari, na mfumuko wa jumla unajifuta. Ukitaka kufuata miaka kwa fedha, chagua MIO_NAC (mamilioni ya sarafu ya nchi) badala ya MIO_EUR kwa Poland, la sivyo kupanda na kushuka kwa zloti mbele ya euro kutaonekana kama kupanda na kushuka kwa tija. Pia usijaribu kusawazisha gharama za maisha kati ya Warszawa na Lublin kwa kipimo cha PPS (kipimo cha uwezo wa kununua): kipimo hicho hutumia kiwango kimoja kwa nchi nzima.

Kupakua

Hapa huduma inafanya vizuri. Kwa mtu wa jedwali moja, chuja safu kwenye ukurasa wenyewe na upakue Excel. Kwa kazi ya kurudiarudia, kiungo cha moja kwa moja ni bora:

https://ec.europa.eu/eurostat/api/dissemination/statistics/1.0/data/nama_10r_3gva?currency=MIO_NAC&nace_r2=C&geoLevel=nuts3&sinceTimePeriod=2010

Kinaleta Ulaya nzima ya NUTS 3. Chuja mwenyewe misimbo inayoanza na PL au DE. Watumiaji wa R wana kifurushi kinachoitwa eurostat, ambapo get_eurostat("nama_10r_3gva") inamaliza kazi.

Epuka faili za aina ya TSV kama huna haja nazo. Alama za tahadhari hubandikwa kwenye namba yenyewe, mfano "1250.4 p", na programu ikiisoma safu hiyo inaigeuza kuwa maandishi. Kwenye faili za CSV ya SDMX, chaguo jingine la kupakua, thamani iko OBS_VALUE na alama iko OBS_FLAG, kila moja mahali pake. Usizitupe alama hizo: p ni ya muda, e ni makadirio, b ni mfululizo uliokatika. Penye b usichore mstari unaounganisha mwaka uliotangulia na unaofuata.

Takwimu za NUTS 3 hufika zikiwa na umri wa miaka miwili hivi. Anayehitaji hali ya mwaka jana hatapata.

Kisichopatikana, na pa kukitafutia

Pengo baya zaidi ni la wakati. Kwa Poland na wenzake mfululizo wa kutegemewa unaanzia karibu na 2000. Miaka ya 1990 hadi 1993, ambapo viwanda vya mipango vilianguka na ramani ya leo ikaanza kuchorwa, haimo. Haimo pia enzi ya mipango yenyewe, na isingeweza kuingia kirahisi: nchi hizo zilipima pato la vitu tu, huduma nyingi zikiwa nje, kwa bei zilizopangwa na serikali. Anayeunganisha namba ya kitabu cha takwimu cha 1985 na ya Eurostat ya 2005 anaunganisha vitu viwili visivyohusiana.

ARDECO, hifadhidata ya mikoa ya Tume ya Ulaya yenyewe, inarudi nyuma zaidi na ina sekta kwa bei zisizobadilika. Inafaa kwa picha pana. Ila mashimo yake yamejazwa kwa makadirio, na makadirio hayo hulainisha mistari; usiitumie kuthibitisha mwaka ambao wilaya fulani iligeuka.

Takwimu za kimuundo za biashara za Eurostat, sbs_r_nuts06_r2 kwa miaka ya 2008 hadi 2020, zinashuka hadi aina ya kiwanda: nguo, chuma, magari. Zina idadi ya maeneo ya kazi, watu na mishahara, lakini thamani iliyoongezwa kwa mkoa haimo, na seli nyingi zimefichwa kwa usiri pale kampuni moja inapotawala. Katika mikoa yenye miji ya kiwanda kimoja, ambayo mipango iliijenga kwa wingi, zilizofichwa ndizo ulizokuja kuzitafuta. Bado zinasaidia kueleza muundo wa mkoa, na historia ya mji hukamilisha picha: ukijua Wałbrzych, iliyopoteza migodi yake ya makaa miaka ya 1990 na kupewa eneo maalum la uchumi mwaka 1997, sasa imejaa vipuri vya magari, utaisoma namba yake ya C kwa uangalifu zaidi.

Kwa Poland pekee, hifadhidata ya BDL ya ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ina kina kuliko Eurostat, inashuka hadi ngazi ya wilaya, na ina ukurasa wa Kiingereza. Tahadhari ni moja: kiashiria kilicho rahisi kukikuta ni mauzo ya bidhaa za viwanda kwa kila mkazi au kwa jumla. Hayo ni mauzo. Kiwanda kinachoingiza injini na sanduku la gia kutoka nje, kikaziunganisha na kuuza gari, kinaandika bei nzima ya gari. Kwa kipimo hicho kila mkoa wa kuunganisha magari unapanda juu ya mikoa inayotengeneza kitu kuanzia malighafi. Tafuta sehemu ya hesabu za mikoa ndani ya BDL, ambako thamani iliyoongezwa ipo, na uichukue kwa zloti.